Mistari minne ilibaki kabatini

Ijumaa iliyopita, saa tano usiku, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana niliyewahi kumfundisha somo la hali ya hewa alipokuwa akijiandaa na mitihani ya leseni. "Shikamoo Kapteni. Samahani kwa usiku. Leo tumepewa barua, sisi wote tulioajiriwa mwisho. Sijui nianzie wapi."

Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Pole sana. Kabla hujalala, niambie cheti chako cha afya kinaisha lini."

Hakujua. Alikwenda kupekua begi lake la kazi, akarudi baada ya dakika kumi. Zilikuwa zimebaki siku 19.

Najua lilikuwa swali kavu kwa mtu aliyepoteza kazi saa chache tu zilizopita. Lakini mimi nilipopewa barua yangu hakuna aliyeniuliza swali hilo, na lilinigharimu miezi. Tuliandikiana mpaka saa saba, nikaona mengine hayaingii kwenye ujumbe wa simu. Nayaandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake.

Barua yangu niliipata Juni 2020. Kila mtu anaukumbuka mwaka ule, ila labda asiye wa kazi hii hajui kina cha shimo tulilotumbukia. Aprili ya mwaka ule usafiri wa abiria wa anga duniani ulishuka kwa takriban asilimia 94 ukilinganisha na Aprili 2019. Mwaka mzima ulipofungwa, theluthi mbili ya biashara yote ilikuwa imepotea. Ndege zetu za A320 zilipangwa mbavu kwa mbavu pembeni mwa uwanja, injini zimefunikwa, vitambua mwendo vimevishwa vifuko ili wadudu wasijenge ndani. Nilikuwa na miaka 41, saa 6,840 za kuruka, na miaka mitatu ya kukaa kiti cha kushoto nikiwa kapteni.

Barua ilisema "likizo ya lazima bila malipo". Katika kazi yetu kuna tofauti kubwa kati ya hiyo na kupunguzwa moja kwa moja, na kijana wangu hakuwa ameisoma barua yake kwa jicho hilo. Ukiwekwa kwenye likizo ya lazima, jina lako linabaki kwenye orodha ya ukongwe kazini, na siku kazi ikirudi wataita kwa kufuata namba. Ukipunguzwa, unapewa kiinua mgongo chako na orodha inakusahau. Soma aya kwa aya kabla ya kusaini chochote. Wapo waliosaini kuondoka kwa hiari ili wapate fedha za haraka, kumbe wamesaini pia kuikana namba yao.

Namba yangu ilikuwa 121. Waliobaki kazini waliishia namba 104.

Hiyo namba ndiyo kila kitu, na mtu wa nje haielewi. Ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utakaa kiti gani, utalala kituo gani, utapata likizo mwezi gani, na siku ya kupunguza watu panga litaanzia wapi. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Na namba haihami. Daktari bingwa akihama hospitali, huhama na ubingwa wake. Mhasibu mkuu akihama huenda akapata cheo kikubwa zaidi. Rubani akihama shirika, mara nyingi huanzia mkiani mwa orodha mpya, kiti cha kulia, hata kama ana saa elfu kumi. Ndiyo maana wengi wetu tuliganda. Tulikaa tukisubiri kuitwa, kwa sababu kwenda kwingine kulikuwa ni kuitupa miaka.

Mzee aliyenifanyia mafunzo yangu ya kwanza ya simuleta, mashine ya kuigiza ndege, aliwahi kunisimulia maisha yake, nami wakati ule nilisikiliza kama mtoto anavyosikiliza hadithi za vita. Aliajiriwa Marekani miaka ya themanini. Januari 1991 shirika lake, Eastern, lilifungwa. Desemba mwaka huohuo Pan Am nayo ikafungwa, kwa hiyo soko likajaa marubani wenye saa nyingi kuliko yeye. Akapata kazi kwingine, akaanza upya chini kabisa. Yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, akawekwa kwenye likizo ya lazima. Alisubiri kuitwa miaka na miaka. Halafu Desemba 2007 Marekani ikapandisha umri wa kustaafu marubani wa mashirika kutoka miaka 60 hadi 65. Kwa wazee waliokuwa juu ya orodha ilikuwa neema. Kwa waliokuwa nje wakingoja nafasi zao, ilikuwa ni kuambiwa wakae miaka mingine mitano. Hapo ndipo alipoacha kusubiri. Mwaka 2020 nilimkumbuka karibu kila siku, maana mimi nilikuwa nimekaa dirishani kusubiri vilevile.

Sasa nirudi kwenye cheti cha afya. Leseni yenyewe huwezi kunyang'anywa kwa kukosa kazi, lakini uhai wake unahesabiwa kwa siku, na kila kipande kina kalenda yake. Kwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, cheti cha afya daraja la kwanza kwa rubani wa shirika hudumu miezi 12, na ukishavuka miaka 60 hudumu miezi sita; zipo mamlaka zinazobana zaidi. Idhini ya aina ya ndege, yaani ruhusa ya kurusha A320 au 737 au ATR, ile ndogo ya mapangaboi, Ulaya hudumu mwaka mmoja, kisha ni lazima uingie kwenye simuleta upimwe tena. Ili ubebe abiria unatakiwa uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Ukiwa na daraja la nne la lugha ya Kiingereza, nalo lina tarehe yake ya kupimwa upya. Ukiwa kazini huoni haya yote, kwa sababu kuna mtu ofisini anayakumbuka kwa niaba yako na anakupangia. Siku unayotoka getini, mtu huyo hayupo tena. Mimi niliacha cheti kikaisha Septemba kwa kuwa niliona hakuna kazi ya kukitumia. Novemba nikaona tangazo zuri la kazi, sharti la kwanza: cheti kilicho hai siku ya kuomba. Nafasi za daktari wa usafiri wa anga zilikuwa zimejaa wiki sita mbele.

Jambo moja nililofanya vizuri, nilifanya kwa bahati. Siku ya kurudisha vifaa niliingia chumba cha mafunzo kumuaga mama mmoja aliyekuwa akitunza mafaili yetu. Akaniuliza kama nimechukua nakala zangu. Nakala zipi? Akanitazama kwa huruma, akafungua kabati la chuma, akatoa faili langu: kila kipimo cha simuleta tangu nilipoajiriwa, kila ukaguzi wa njiani, fomu ya siku niliyopandishwa kuwa kapteni. Kurasa 67. Akazitoa nakala zote, akagonga muhuri kila ukurasa, akasaini juu ya muhuri, na mashine ilikuwa ya zamani kiasi kwamba kila kurasa tano hivi ilikwama karatasi, akaifungua na kuichomoa kwa kalamu. Kisha akachapisha jumla ya saa zangu kutoka kwenye mfumo wa kampuni, akaniambia nikae palepale nilinganishe na kitabu changu cha saa za kuruka. Kulikuwa na tofauti ya saa 38. Tulizitafuta pamoja mpaka saa kumi na nusu jioni, na tuliziona: zilikuwa za mwezi mmoja nilioruka kutoka kituo kingine, na hazikuwa zimeingizwa. Alizirekebisha, akagonga muhuri.

Karatasi zile ndizo zilizonipa kazi, sisemi kwa kutia chumvi. Mwajiri mpya haamini maneno. Anataka saa zilizothibitishwa na mwajiri wa zamani, na barua ya mamlaka kwamba huna ajali wala adhabu. Shirika likifilisika, wa kukugongea muhuri humpati. Waulize marubani wa Monarch, iliyosimama Oktoba 2017 alfajiri moja, au wa Jet Airways iliyoacha kuruka Aprili 2019. Na siku hizi wengi wetu saa zetu zinakaa kwenye kompyuta ya kampuni. Ukirudisha kifaa, umerudisha na ushahidi.

Kutafuta kazi kwenyewe sitakueleza mwezi kwa mwezi. Nilituma maombi 23. Nilijibiwa manne. Soko lilijaa watu kama mimi: kapteni wa A320, umri wa kati, saa za kutosha. Julai 2020 British Airways ilistaafisha ndege zake zote za 747, thelathini na moja. Oktoba Cathay Pacific ikaifunga Cathay Dragon. Kila habari ya aina hiyo ilimaanisha mamia ya watu wapya kwenye foleni ileile, na wengi wana saa nyingi kuliko zako. Matangazo machache yaliyotoka yalikuwa na mstari mmoja uliotukata: mwombaji awe ameruka ndani ya miezi sita iliyopita. Nitarukaje ndani ya miezi sita wakati nimekaa nyumbani kwa sababu ndege zimefungwa? Mstari ule una sababu zake za usalama, nazijua na naziheshimu, lakini niliusoma nikiwa na machozi.

Walichokosea wengi, nami nikiwemo, ni kutazama mashirika ya abiria tu. Kabla ya 2020 takriban nusu ya mizigo ya anga duniani ilisafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria, chini ya miguu ya wasafiri. Ndege hizo ziliposimama, mizigo haikusimama. Barakoa, dawa, vifaa vya hospitali na vitu vyote ambavyo watu walikuwa wakiagiza wakiwa wamejifungia ndani vilihitaji kupita. Ndege za mizigo hazikutosha. Kwa hiyo wakati upande mmoja unafukuza, upande wa pili ulikuwa unaajiri, na mimi nilichelewa miezi saba kuutazama upande huo. Nitasema ukweli kwa nini. Kwangu ndege ya mizigo ilikuwa ni kushuka. Ni usiku, hakuna abiria wa kukushukuru mlangoni, sare haionekani na mtu. Nilikuwa nimelea moyoni wazo kwamba kapteni ni yule anayesimama mlangoni. Ilibidi wazo hilo life kwanza.

Lilikufa ghalani. Kuanzia Oktoba nilifanya kazi ya kupanga vifurushi, zamu ya usiku, saa nne hadi kumi alfajiri. Mchana nilifundisha wanafunzi wa urubani kwa intaneti, hali ya hewa na hesabu za uzito na mizani. Ghalani hakuna aliyejua mimi ni nani mpaka msimamizi, kijana wa miaka 26, aliponiuliza kwa nini ninapanga vizito katikati na vyepesi pembeni. Nikamweleza kuhusu kitovu cha uzito. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana kabisa, kisha akawa ananiita "Kapteni" mbele ya wote, kwa heshima ya kweli. Namshukuru mpaka leo. Usiku ule nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kesho naomba kazi ya mizigo. Yeye alikuwa amebeba nyumba peke yake mwaka huo wote, mshahara mmoja na watoto wawili, na hakuwahi kunihesabia. Alisema tu, "Mbona umechelewa?"

Lipo jingine ambalo marubani hatulisemi. Kuanzia Desemba sikuwa nalala. Hata usiku nisiokuwa na zamu nilikuwa naamka saa nane, moyo unakwenda mbio, nahesabu siku za leseni. Kwa mtu mwingine yeyote ningemwambia aende kwa daktari. Mimi sikwenda, kwa sababu daktari anayenipima ndiye anayeweza kunizuia kuruka, na niliogopa neno moja likiandikwa kwenye faili litanifungia mlango. Karibu kila rubani niliyezungumza naye alikuwa na hofu hiyohiyo. Hofu hiyo ni ya hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Baada ya ajali ya Germanwings ya Machi 2015, ambapo rubani msaidizi aliiangusha ndege kwa makusudi, Ulaya ilitunga sheria, iliyoanza kutumika 2021, kwamba kila shirika liwe na mpango wa marubani kusaidiana kwa siri: unazungumza na rubani mwenzako aliyefunzwa kusikiliza, siyo na bosi wala na mpimaji. Vyama vingi vya marubani vina watu wa namna hiyo, na wengi wao hukupokea hata ukiwa huna kazi. Niliishia kumpigia mmoja Januari. Tulizungumza saa moja na nusu. Ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa kawaida, ambaye alinisaidia kurudisha usingizi bila dawa yoyote, na cheti changu hakikuguswa. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye kazi hakupiga simu kwa mtu. Aliacha kupokea za wengine pia. Leo anaendelea vizuri, lakini ilichukua miaka, na hakurudi angani. Kijana wangu, ukisoma hapa: ukianza kukosa usingizi wiki mbili mfululizo, usihesabu siku. Piga simu.

Na mtu akikutumia barua pepe kwamba umepata kazi, lipia tu nafasi ya mafunzo ndani ya saa 48, mfute. Walinijia matapeli watatu wa namna hiyo. Mmoja alikuwa na nembo safi kabisa ya shirika kubwa.

Nilipata usaili wa kwanza Februari 2021, kampuni ya mizigo yenye Boeing 767. Maswali yalikwenda vizuri. Waliponiuliza mara ya mwisho niliyotofautiana na mwenzangu ndani ya chumba cha marubani, niliwaeleza kisa cha kweli, kikiwa na kosa langu ndani yake. Ubaya ulikuwa simuleta.

Nilikuwa sijagusa ndege kwa miezi 11, maana zilisimama kabla hata ya barua, na maisha yangu yote ya shirika nilikuwa mtu wa Airbus. Kapteni wa A320 anaruka kwa mkono wa kushoto: kijiti kidogo pembeni, mkono wa kulia kwenye vishikio vya injini. Ndege yenyewe inajisawazisha. Ukiiachia inabaki pale ulipoiweka. Sasa nilikaa kiti cha kulia, mbele yangu usukani mkubwa wa Boeing, mkono wa kushoto ndio wenye injini, na kila kasi ikibadilika ni lazima usawazishe uzito wa usukani kwa kitufe cha dole gumba, la sivyo unaubeba kwa misuli. Mpimaji alizima mistari ya kuelekeza kwenye skrini, akazima otopailoti, akasema tupae. Kwenye njia ya kurukia, sekunde moja baada ya V1, kasi ambayo ukiifikia huwezi tena kusimama, ni lazima upae, akaua injini ya kulia.

Mwili wangu ulijua la kufanya, ila uliufanya kwa kuchelewa. Mguu wa kushoto ulikwenda kwenye pedali, lakini nusu tu. Pua ikavutwa kulia. Nikaongeza mguu, nikazidisha, ikarudi kushoto. Macho yakaganda kwenye mwelekeo, nikaacha kutazama kasi, na kasi ikashuka kwa noti (maili za baharini kwa saa) nane, tisa, kumi. Kidole gumba changu hakikugusa kitufe hata mara moja. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa kuubeba usukani, na sikuelewa kwa nini ni mzito hivyo. Mpimaji hakusema kitu. Tuliruka hivyo dakika nne, nikatua, siyo vibaya sana, na tulipotoka akaniambia kwa upole kwamba anaona rubani mzuri aliyekaa nje muda mrefu, na kwamba hawezi kunichukua siku hiyo.

Nililia ndani ya gari. Kisha nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla: nilinunua saa za simuleta. Kampuni za simuleta huuza saa za usiku wa manane kwa bei ndogo, kwa sababu wateja wakubwa hawazitaki. Tuliungana wanne, wote tulioachishwa, tukagawana gharama, tukaingia kuanzia saa nane usiku hadi kumi na mbili. Mmoja wetu alikuwa mkufunzi wa 737 zamani. Alituzimia injini mpaka mguu ukakoma kufikiri. Kati ya mizunguko hiyo nyumbani nilikaa kwenye kiti cha meza ya chakula, picha ya vyombo vya Boeing nimeibandika ukutani, mkono wa kushoto kwenye vishikio ambavyo havipo, dole gumba linabonyeza hewa. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa anasoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, mstari kwa mstari, nami najibu. Alinirudisha mwanzo kila niliporuka neno.

Agosti 2021 nilifanya usaili kampuni nyingine ya mizigo, ndege zilezile za 767. Injini ilipozimwa, mguu ulikuwa umeshafika. Niliajiriwa kuwa rubani msaidizi, namba ya mwisho kwenye orodha yao.

Sare mpya ilikuja na mistari mitatu begani, ya rubani msaidizi. Ile ya minne, ya ukapteni, niliikunja nikaiweka kabatini, na kwa mara ya kwanza haikuniuma. Kapteni wangu wa kwanza alikuwa na miaka 34. Nilijiahidi jambo moja: kutomwambia hata siku moja "sisi kule tulikuwa tunafanya hivi". Kiti cha kulia kina kazi yake kamili, nayo ni kumtazama mwenzako anachofanya, kusoma, kujibu, kusema mapema unapoona kitu. Usiku mmoja tukiwa tunakaribia kutua alikuwa amechoka, akaweka kimo kisichokuwa chenyewe. Nilisema, akasahihisha, akasema "ahsante sana dada", tukaendelea. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Lakini niliposhuka ngazi alfajiri ile, mvua inanyesha na magari ya mizigo yamepanga mstari chini ya tumbo la ndege, nilihisi kwamba nimerudi kazini, kazini hasa.

Aprili 2022 shirika langu la zamani liliniita. Hali ilikuwa imegeuka kabisa. Marekani, ambako mashirika makubwa yalikuwa yamewalipa maelfu ya marubani ili wastaafu mapema, sasa yalikuwa yanafuta safari kwa kukosa marubani. Nilipewa siku 14 za kujibu. Kurudi kulikuwa na maana ya namba 121 yangu, A320 yangu, na kiti cha kushoto ndani ya mwaka. Tulikaa na mume wangu tukaandika kwenye karatasi. Kwenye mizigo tayari kulikuwa na watu 58 nyuma yangu, walioajiriwa ndani ya miezi minane. Nilibaki. Wapo wenzangu waliorudi na wana furaha, siwahukumu, kila mtu anayo karatasi yake. Mistari minne niliipata tena mwaka jana.

Hiki kinachowapata vijana sasa hakifanani na chetu. Safari hii abiria wapo wengi. Kinachokosekana ni ndege. Tangu 2023 mamia ya A320neo, toleo jipya la A320, zimekaa chini kwa sababu ya kasoro ya chuma kwenye injini za Pratt & Whitney. Go First ya India iliomba ufilisi Mei mwaka huo ikilalamikia injini hizohizo. Mwaka 2024 Boeing ilichelewesha ndege mpya, na United ya Marekani ikawaomba marubani wachukue likizo ya hiari bila malipo. Spirit, ya hukohuko, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2024, ikaomba tena Agosti 2025. Kwa hiyo yapo mashirika yanayopunguza huku jirani zake wanaajiri, na hiyo ni nafuu kubwa ambayo sisi hatukuwa nayo. Lakini haimsaidii mwenye makaratasi yaliyokufa.

Kijana wangu ana saa 940. Bado hajafika 1,500 za leseni kamili ya rubani wa mashirika, na hapo ndipo anapojidharau. Nimemwambia asizitazame ndege kubwa peke yake. ATR inapaa na kutua mara sita kwa siku. Kwa mtu wa saa 940 hiyo ni shule. Ualimu wa ndege ndogo unajaza kitabu. Ndege za wagonjwa, ndege za kupima ardhi, zote zinaandikwa kwenye safu ileile ya saa. Na akipewa mkataba unaomfunga miaka kwa deni la mafunzo, anitumie nikausome naye kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Jumamosi nilimwomba apige picha kurasa zote za kitabu chake. Alinituma 31. Kurasa tatu za mwisho hazikuwa na saini ya mtu. Nilimuuliza kitambulisho chake cha kazi kinafungwa lini, akasema Jumatatu jioni.

Leo Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, amenitumia picha moja bila maneno: mlango wa chumba cha mafunzo, bado umefungwa, na begi lake sakafuni.